Vitabu au polisi? Swali lenyewe ndo lina shida

Kila bajeti ya halmashauri ikibana, swali linaloletwa mezani ni lile lile: mnataka maktaba au mnataka polisi na zimamoto? Sasa ukiulizwa hivyo, na pembeni yako kakaa mtu aliyevunjiwa nyumba juzi, au mtu ambaye gari la zimamoto lilifika kwake paa limeshaanguka, utajibu nini. Utasema polisi. Mimi mwenyewe ningesema polisi. Hakuna mtu mzima atakayesimama pale akasema acha mtu aungue ili sisi tununue vitabu.

Ila nimefuatilia hizi bajeti kwa muda, mji mmoja baada ya mwingine, Marekani na Uingereza hasa kwa sababu kule mambo haya yako wazi kwenye kumbukumbu, na kila nikichimba nakuta kitu kile kile: maktaba haikatwi kwa sababu inakula hela nyingi. Inakatwa kwa sababu ndo inayokatika kirahisi. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, na watu wanaopiga kura au wanaokaa kwenye vikao vya bajeti wanastahili kuambiwa tofauti yake.

Tuanze na jambo ambalo watu wengi wanaliruka, nalo ni hela inatoka mfuko gani. Tunaongea kana kwamba kuna kapu moja kubwa, ukitoa kwa maktaba unaweka kwa polisi. Sehemu nyingine ni hivyo, sehemu nyingine sio hivyo hata kidogo. Miji mingi ya Marekani ina mfuko mkuu ambao humo humo wanalipwa polisi, zimamoto, maktaba, bustani, kila mtu, kwa hiyo pale kweli wanagombea sahani moja. Lakini huko huko Marekani kuna maeneo ambayo maktaba ni chombo chake chenyewe, kina mipaka yake na kodi yake iliyopitishwa na wapiga kura, na hela ile meya hawezi kuigusa hata akitaka. Ohio nako sehemu kubwa ya hela ya maktaba inatoka kwenye mfuko wa jimbo, sio wa mji. Ukienda Uingereza ndo unashangaa zaidi, kwa sababu polisi wana fungu lao kutoka serikali kuu na kijisehemu chao cha kodi ya nyumba kinachosimamiwa na kamishna aliyechaguliwa, halmashauri haipangi bajeti ya polisi kabisa. Kule kinachoikaba maktaba ni matunzo ya wazee na watoto walio hatarini, ambayo sheria inailazimisha halmashauri kuyatoa hata kama hela hamna na ambayo gharama yake inapanda kila mwaka.

Kwa hiyo mtu akikuambia tunafunga tawi ili tuongeze askari, swali la kwanza kabisa ni je, hizo hela zinaweza kuhama kutoka hapa kwenda pale? Kuna mahali jibu ni hapana, na mjadala wote unakuwa umekufa pale pale.

Haya, tuchukue mahali ambapo jibu ni ndiyo, zinaweza kuhama. Hapa inabidi tupige hesabu, na ni hesabu ya kawaida tu. Tuseme mapato ya mji mzima ni 100. Polisi wanachukua 35, zimamoto 15, maktaba zote pamoja 2, zilizobaki ni madeni, pensheni, taka, barabara na mengineyo. Sasa mwaka huu kuna pengo la 6. Ukifunga maktaba zote, ukazima taa, ukaondoa kila mfanyakazi, pengo linabaki 4. Na hiyo ni kama kufunga hakukugharimu chochote, ambapo sio kweli, kwa sababu watu unaowapunguza unawalipa mafao, jengo bado linahitaji mlinzi na bima na paa lisivuje. Ukikata theluthi moja ya maktaba, yaani kipigo ambacho kila mtu mtaani atakihisi, umepata 0.67. Asilimia 2 tu ya bajeti ya polisi ni 0.7. Ziweke hizo namba mbili pamoja uziangalie. Kitu kinachoiumiza maktaba mpaka inachechemea miaka mitano ni sawa na kitu ambacho kwa polisi kingetoka kwenye ovataimu.

Hizo namba nimezitunga ili tuelewane, lakini za kweli zipo. New York mwishoni mwa 2023, wakati wa meya Eric Adams, makato ya bajeti yalifanya maktaba za mji zisitishe kufungua Jumapili. Juni 2024 hela zikarudishwa, dola milioni 58.3, na Jumapili ikarudi. Bajeti nzima ya mji mwaka ule ilikuwa kama dola bilioni 112.4. Gawanya mwenyewe utakuta ni kama asilimia 0.05. Mji mkubwa vile, na maktaba zake ziko chini ya mifumo mitatu, New York, Brooklyn na Queens, watu walikosa Jumapili miezi saba kwa ajili ya kitu ambacho kwenye bajeti nzima usingekiona bila miwani.

Sasa utauliza, kama ni kidogo hivyo kwa nini wanang'ang'ania kuikata? Hapa ndo penyewe.

Ukimkalisha afisa wa bajeti ukamwambia nitafutie hela, anafungua jedwali lake anaanza kupitia mstari kwa mstari, na karibu kila mstari una kufuli. Madeni, huwezi kugusa, usipolipa mji mzima unakosa mkopo. Pensheni za askari na wazimamoto waliostaafu, huwezi, na kwingine ni suala la katiba kabisa, Illinois kwa mfano katiba yao ya 1970 inakataza mafao ya pensheni kupunguzwa. Mishahara ya polisi iko kwenye mkataba na chama chao, na majimbo kadhaa mkigombana kuhusu mkataba mnaenda kwa msuluhishi ambaye uamuzi wake ni lazima, yeye ndo anaamua nyongeza ni kiasi gani na mji unalipa. Gari la zimamoto nalo mkataba unaweza kusema lisitoke bila watu wanne, kwa hiyo ukipunguza wazimamoto unaishia kulipa ovataimu kwa waliobaki ili idadi itimie, na mwisho wa mwaka unakuta hujaokoa kitu. Kuna askari wengine waliajiriwa kwa ruzuku ya serikali kuu, programu ya tangu 1994, ambayo inachangia mshahara miaka mitatu alafu mji unabaki na mzigo. Kila mstari kufuli. Alafu anafika kwenye mstari wa maktaba, na pale hakuna kufuli. Mara nyingi hakuna sheria kali ya masaa ya kufungua, hakuna msuluhishi, masaa ya kufungua ni uamuzi wa kikao kimoja tu.

Na zaidi ya hapo kuna woga, na sisemi kwa dharau. Diwani anajua kabisa akipunguza askari leo na kesho mtu akauawa, jina lake linaandikwa na hiyo habari. Akipunguza masaa ya maktaba hakuna maiti. Madhara yapo lakini yanakuja taratibu, kwa mtoto huyu na mzee yule, na hakuna siku hata moja ambayo yote yanajikusanya yakawa habari. Binadamu yeyote kwenye kile kiti angeona hivyo. Ndo maana nasema tusimtukane diwani, tumpe taarifa nzuri zaidi.

Uingereza wao waliweka kufuli moja dogo, sheria ya maktaba ya 1964 inayosema halmashauri lazima itoe huduma ya maktaba iliyo kamili na yenye ufanisi. Neno kamili halina kipimo, hakuna anayejua ni matawi mangapi, na tangu 2010 mamia ya maktaba yamefungwa huku sheria ikiwepo. Lakini kuna siku ilifanya kazi. Northamptonshire, Februari 2018, halmashauri ya kaunti ilitoa notisi ya kifungu cha 114, ambayo kwa lugha ya kawaida ni afisa wa fedha kutangaza kwamba hela imeisha na matumizi mapya yasimame. Mpango ukawa kufunga maktaba 21. Wananchi wakaenda mahakamani, na Agosti 2018 Mahakama Kuu ikasema uamuzi ule ulifanyika kinyume cha sheria. Jaji hakusema ni marufuku kufunga maktaba, tatizo lilikuwa jinsi walivyoamua, hawakupima ipasavyo huduma inayobaki itakuwaje na nani ataumia. Na halmashauri yenyewe haikudumu, 2021 ilivunjwa ikawa halmashauri mbili mpya.

Philadelphia ilikuwa karibu vile vile, mapema zaidi, Novemba 2008 uchumi umeporomoka, meya Michael Nutter akatangaza kufunga matawi 11 kati ya 54. Na tumtendee haki, hakugusa maktaba peke yake, vikosi kadhaa vya zimamoto navyo vilikuwa kwenye orodha ile ile. Watu wakafungua kesi, na tarehe 30 Desemba jaji akasema meya hana mamlaka ya kufunga jengo la mji bila idhini ya baraza, kuna sheria ndogo ya 1988 inasema hivyo. Matawi yakabaki wazi. Wachache sana walikuwa wanaikumbuka ile sheria, ilikuwa imekaa kwenye vitabu miaka 20 tu, na ndo iliyowaokoa.

Nataka sasa tuingie ndani ya jengo, kwa sababu neno kupunguza masaa linasikika kama jambo dogo.

Kwenye bajeti ya maktaba ya umma Marekani, kama theluthi mbili ni watu, mishahara na mafao. Vitabu na vitu vingine vya kusoma ni kama sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo mwaka wa kwanza wanaanza na vitabu kwa sababu ndo rahisi, ununuzi unasimama, na haitoshi, haiwezi kutosha, ni sehemu moja ya kumi tu. Kwa hiyo wanakuja kwa watu. Hawafukuzi mtu, wanasema tu anayestaafu hatutajaza nafasi. Mkutubi wa watoto anastaafu, nafasi haijazwi. Kile kipindi cha kusomea watoto hadithi kinahamishwa mara moja kwa mwezi, alafu kinakufa. Dawati linabaki na mtu mmoja, na mtu mmoja haruhusiwi kufungua jengo peke yake kwa usalama, kwa hiyo jioni inakatwa, na Jumamosi inakatwa. Sasa fikiria mtu aliyeajiriwa kutoka asubuhi mpaka jioni. Jengo liko wazi wakati yuko kazini na limefungwa akitoka. Mwanafunzi anatoka shule saa 9, anafika saa 10, mlango unafungwa saa 11. Anakuja mara mbili anakuta pamefungwa, mara ya tatu haji. Wewe ungekuja?

Mwaka unaofuata mtu anafungua jedwali anasema jamani wageni wamepungua sana kwenye hili tawi, na gharama kwa kila mgeni imepanda. Ni kweli, imepanda, kwa sababu paa na umeme na bima havijui kwamba masaa yamepungua. Na hiyo takwimu, ambayo imezalishwa na makato ya mwaka jana, inatumika kama ushahidi wa kulifunga tawi mwaka huu. Hiki kitu kinaniuma kuliko vyote kwenye mada hii. Sio kwamba mtu anadanganya, namba ni za kweli kabisa, ila zimeanzia katikati ya stori. Ukiona takwimu ya wageni kushuka, omba na masaa ya kufungua ya miaka ile ile, uziweke mstari mmoja.

Birmingham ndo mfano ambao sijauzoea mpaka leo. Mwaka 2013 walifungua maktaba kubwa mno, jengo la pauni milioni 188.8, Malala Yousafzai, yule mtetezi wa elimu ya wasichana, akaja kulifungua. Mwaka 2015, miaka miwili tu baadae, masaa yakashushwa kutoka 73 kwa wiki mpaka 40. Watu wakauliza, na ni swali la haki, mnajenga jengo la hela zile alafu hamna hela ya kuwasha taa jioni? Jibu ni kwamba hela ya kujenga na hela ya kuendesha ni mbili tofauti. Ya kujenga inakopwa, inalipwa miaka mingi, na sheria haikuruhusu kuichukua ukalipe mishahara. Hili linawasumbua sana polisi na zimamoto pia, utaona kituo kipya cha zimamoto kinang'aa na hakina watu wa zamu ya usiku. Mtu anayesema jengo jipya ni ushahidi kwamba hela ipo, anachanganya. Na diwani anayekata utepe wa jengo jipya bila kuonyesha mishahara ya miaka kumi inatoka wapi, naye anachanganya watu, tena kwa makosa makubwa zaidi.

Kuna hasara nyingine ya chini chini. Hela za nje zinafuata hela za ndani. Ruzuku nyingi zina sharti kwamba mji usishuke chini ya kiwango flani cha matumizi yake wenyewe, ukishuka ruzuku inapungua. Na Marekani kuna mpango wa tangu sheria ya mawasiliano ya 1996 unaopunguza gharama ya intaneti kwa shule na maktaba, punguzo la asilimia 20 mpaka 90 kutegemea umaskini wa eneo. Ukifunga tawi kwenye mtaa maskini unafunga pale pale ambapo punguzo lilikuwa kubwa. Mji unadhani umeokoa shilingi kumbe na ile nyingine iliyokuwa inakuja juu yake nayo imeondoka.

Haya sasa tuje kwenye usalama wenyewe, kwa sababu kuna watu wa maktaba, na nawapenda, wanaosema maktaba inazuia uhalifu kwa hiyo toeni hela kwa polisi mlete kwetu. Hapa lazima tuwe wakweli. Polisi wanapunguza mauaji, ushahidi upo. Utafiti mmoja uliotoka 2022 uliangalia miji 242 ya Marekani kwa miaka 38 ukakuta kila askari 10 mpaka 17 wanaoongezwa wanazuia mauaji ya mtu mmoja kwa mwaka. Huo huo utafiti ukakuta askari wakiongezeka wanakamata watu zaidi kwa makosa madogo madogo, na mzigo huo unawaangukia zaidi watu Weusi. Yote mawili ni kweli, na anayekupa nusu moja anakunyima nyingine. Mimi siwezi kumwambia mama ambaye mtaani kwake kuna risasi kila wiki kwamba vitabu vitamlinda mwanae usiku huu.

Kwa upande wa pili ushahidi wa karibu zaidi ninaoujua sio wa maktaba, ni wa vituo vya vijana London, vile vya kwenda baada ya shule. Karibu theluthi moja vilifungwa kati ya 2010 na 2019, na taasisi ya utafiti wa fedha za umma IFS ilipofuatilia vijana waliokuwa wanakaa karibu na vile vilivyofungwa wakakuta uwezekano wa kufanya uhalifu umepanda asilimia 14, na shuleni wakashuka. Wakapiga hesabu kwamba kila pauni moja iliyookolewa ilileta hasara ya karibu pauni 3. Maktaba sio kituo cha vijana, na sitaki kujifanya ni kitu kimoja. Ila kinachofanana ni hiki: mahali pa bure, pana mtu mzima anayekufahamu, pako wazi saa zile ambazo shule imefungwa na mzazi hajarudi. Ukiondoa masaa ya jioni umeondoa hicho hicho.

Na kuna kazi ambazo maktaba inazifanya tayari bila mtu kuziandika kwenye fungu la usalama. Philadelphia kuna tawi la McPherson Square, jengo zuri la mawe katikati ya bustani, kwenye mtaa ulioharibiwa na heroini. Mwaka 2017 ilijulikana kwamba wakutubi pale walikuwa wamejifunza kutumia naloksoni, ile dawa ya kupuliza puani inayomrudisha mtu aliyezidiwa na heroini. Mtu anaanguka kwenye nyasi huko nje, mkutubi anaacha dawati, anatoka mbio kushuka ngazi na kile kichupa mkononi, anapiga magoti, anapuliza, anasubiri kifua kianze kupanda, alafu anarudi ndani ambako kuna watoto wanasubiri kufanya homuweki. Hiyo kazi iko kwenye mstari gani wa bajeti? Kwenye fungu la usalama huikuti. Ferguson nayo, Missouri, mwisho wa 2014 mji uko kwenye moto wa maandamano na vurugu na shule zimefungwa, maktaba ndogo iliyokuwa na mkutubi mmoja tu wa kudumu ikabaki wazi, walimu wa kujitolea wakaja kufundishia watoto mle ndani, na michango kutoka kila kona ikapita dola 300,000. Na wakati wa joto kali pia, Chicago Julai 1995 zaidi ya watu 700 walikufa kwa joto, wengi wao wazee wanaoishi peke yao, na tangu hapo miji mingi imezihesabu maktaba kama mahali pa kukimbilia baridi.

Kwa hiyo hayo majina mawili, usalama na maktaba, kwenye karatasi yametenganishwa, kwenye maisha hayajatenganishwa. Ukifunga tawi ile kazi haipotei, inahamia kwa gari la wagonjwa na kwa askari wa doria, ambao ni ghali zaidi kwa saa.

Lakini pia hela inaweza kuisha kweli, sio siasa. Camden, New Jersey, Januari 2011, ilipunguza askari 168, karibu nusu ya jeshi lake, na wazimamoto kwa makumi, na kipindi hicho hicho mfumo wake wa maktaba ukashindwa kujiendesha ukachukuliwa na kaunti. Hapo hakuna aliyechaguliwa juu ya mwingine. Na Josephine, kaunti ya Oregon, ndo nawaambia watu waisome. Kaunti ile iliishi kwa hela ya mbao za misitu ya serikali kuu, mbao zikapungua, ikaja ruzuku ya kufidia, ruzuku nayo ikaanza kukauka. 2007 maktaba zote zikafungwa. 2012 wapiga kura wakakataa kodi ya kuokoa ofisi ya sherifu, yaani polisi wa kaunti, askari wakapunguzwa sana na wafungwa wengine wakaachiwa. Kwa upande wa maktaba watu walijitolea, wakazifungua tena kidogo kidogo, na 2017 wapiga kura wale wale waliokuwa wanakataa kodi wakapitisha wilaya ya maktaba, yaani kile chombo chenye mipaka yake na kodi yake. Walikubali walipoona hela inaenda wapi na haiwezi kuhamishwa.

Salinas, California, kule alikozaliwa mwandishi John Steinbeck, ilipita njia inayofanana. Novemba 2004 wapiga kura walikataa kodi, baraza likaamua kufunga maktaba zote tatu, moja ikiwa na jina lake Steinbeck mwenyewe. Habari ikazunguka dunia, michango ikaja ikazishikilia zikiwa wazi kwa masaa machache, na Novemba 2005 watu hao hao wakapitisha nusu senti kwenye kodi ya mauzo. Mwaka mmoja tu. Sidhani kama walianza kupenda vitabu ghafla. Mwaka wa kwanza waliulizwa kuhusu kodi, mwaka wa pili walikuwa wameshaona mlango umefungwa.

Los Angeles walifanya kitu kingine ambacho kinagusa swali letu moja kwa moja. 2010 maktaba 73 za mji zilikuwa zinafungwa Jumapili na Jumatatu. Machi 2011 likaletwa pendekezo kwenye kura, Measure L, halikuongeza kodi hata senti, lilisema tu sehemu ya kodi ya majengo inayokwenda maktaba ipande kutoka asilimia 0.0175 ya thamani ya majengo mpaka 0.03 ndani ya miaka michache. Hiyo maana yake inatoka kwenye mfuko mkuu, yaani pale pale wanapolipwa polisi, na chama cha polisi kilipinga, kwa sababu inayoeleweka kabisa. Watu walipiga kura, likapita kwa wingi mkubwa. Siku za Jumatatu zikarudi. Ila kulikuwa na sharti ambalo wengi hawakulisoma: maktaba ianze kulipa gharama zake zote yenyewe, pensheni, umeme, usafi, vitu ambavyo zamani mfuko mkuu ulikuwa unabeba. Sehemu ya ile nyongeza ikarudi ilikotoka kwa mlango wa nyuma. Na kufuli likiwekwa kwa ajili ya maktaba, ni kufuli lile lile tunalolilalamikia kwa polisi, mwaka mbaya ukija mstari mmoja zaidi hauguswi na anayebaki bila kufuli, labda bustani, labda barabara, anabeba zaidi.

Ukienda kwenye kikao cha bajeti kwenu na ukakuta lile swali limeshaandikwa ukutani, vitabu au usalama, usikubali kulijibu lilivyo. Uliza mfuko ni mmoja au miwili. Uliza theluthi ya maktaba ni sawa na asilimia ngapi ya hilo fungu lingine, waipige hapo hapo mbele ya watu. Uliza ovataimu ya mwaka jana ilikuwa kiasi gani na ilipangwa kiasi gani, kwa sababu mara nyingi hapo ndo kuna pengo kubwa kuliko maktaba nzima. Uliza masaa ya tawi miaka mitano iliyopita kabla hujasikiliza idadi ya wageni. Na kama wameshaamua kukata, uliza saa zipi, maana kufunga Jumanne asubuhi na kufunga saa 10 jioni kwenye karatasi ni masaa sawa.